Tuliambiwa tupange somo wenyewe, mtoa maksi akawa baba mkwe wangu

Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, wadogo zangu mambo vipi.

Hili jambo nimekaa nalo tangu muhula uliopita, linaniwasha. Kila nikitaka kuliandika naahirisha. Leo naliweka hapa kama lilivyokuwa. Atakayesema ni chai aje Masukulu anywe, majani tunalima wenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Tukuyu, jina la chuo mniachie. Nasoma ugani, ile kazi ya kuelimisha wakulima shambani. Nina mume na mtoto, darasani wananiita Dada Atu kwa sababu karibu wote nimewazidi umri.

Siku za masomo nalala chumba cha kupanga Makandana. Wikiendi narudi nyumbani Masukulu, ukweni.

Sasa kuna somo linaitwa mawasiliano ya ugani. Wakuu, lile somo lilikuwa adhabu! Mwalimu anasoma slaidi, sisi tunaandika. Unakariri, unatapika kwenye mtihani, unasahau. Tunajifunza kuongea na wakulima bila kumwona mkulima hata mmoja, wakati ukitoka tu geti la chuo unakanyaga migomba ya mtu.

Mwaka huu akaja mwalimu mpya, Madam, mtu wa Morogoro. Siku ya kwanza akafunga laptop yake akasema, "Hili somo nimelipitia, linanichosha hata mimi. Lipangeni upya nyie. Mnataka kujifunzaje, na mnataka mpimweje?"



Tulidhani ni mtego. Si mnatujua, mtu akiambiwa atoe maoni anaanza kuangalia mlango ulipo. Ilibidi arudie kipindi kilichofuata ndiyo tukaamini. Ikaundwa kamati: Lusajo, CR wetu yaani kiongozi wa darasa, kijana wa Tukuyu mjini, akawa mwenyekiti. Doreen, binti wa Dar, katibu. Mimi nikawekwa eti kwa sababu ni mtu mzima.

Na huyo mtu mzima ndiye aliyejichimbia shimo.

Maana wazo la mkulima kutoa maksi lilikuwa langu. Nilisimama pale nikasema kwa mbwembwe zote: tutoke darasani, twende shambani, kila mwanafunzi amweleze mkulima jambo moja la kumsaidia, halafu mkulima mwenyewe ndiye atoe maksi. Kama hajakuelewa, umefeli. Watu wakapiga makofi hadi meza.

Doreen akaleta vigezo. Sijui alivitoa kwenye mtandao gani. Mwanafunzi amsalimie mkulima kwa kumshika mkono. Amwite kwa jina. Amtazame usoni muda wote wa maongezi. Na amweleze mpaka aelewe.

Tukapiga kura. Mimi nikanyoosha mkono kama wenzangu.

Mkuu wa idara hakupenda. Akatuambia waziwazi kwamba wanafunzi hatujui tunachotaka, ila anatupa nafasi moja. Siku ya shamba atakuja mwenyewe kuangalia, na likiharibika jambo lolote tunarudi kwenye slaidi.

Alhamisi Lusajo akarudi kutoka kutafuta mkulima, anacheka peke yake. "Nimepata mzee wa kazi! Migomba, parachichi, ng'ombe wa maziwa. Yuko Masukulu, nyumba ya bati la bluu jirani na kanisa. Kakubali, Jumamosi anatusubiri."

Nikaanza kusikia joto. Kisha akataja jina.

Baba mkwe wangu. Mzazi wa mume wangu kabisa.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu, ngoja nieleze. Unyakyusani mke wa mtoto anamwogopa baba mkwe, wazee wanaita ukutila. Hamshikani mikono. Humtazami usoni. Jina lake hulitamki. Mkikutana njiani unatoka njiani, unampa mgongo mpaka apite. Na yeye hivyo hivyo anakukwepa. Kuna familia zimeshaacha. Ya kwetu bado, tena sana.

Kwa hiyo piga picha. Vitu vyote tulivyoviwekea maksi ndivyo vitu ambavyo siruhusiwi kumfanyia yule mzee. Na nisipofanya, maksi za coursework hazitoshi, nabeba somo, mwaka mwingine mzima chuoni wakati mwanangu ananiuliza kila wiki kama nimemaliza.

Nikamwambia Lusajo tubadilishe mkulima. Akaniuliza sababu. Nikaangalia pale kantini, Doreen na kucha zake, vijana wa mwaka wetu wanachekea simu zao, nikaogopa watanicheka. Nikasema tu, "Masukulu mbali." Akanicheka, "Dada Atu, si unaishi huko huko?"

Usiku sikulala. Mama mkwe ndiye angenisaidia, ila alikuwa Igogwe anamuuguza dada yake hospitalini, simu haipatikani. Nikampigia mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la ndizi, alikuwa njiani kwenda Dar. Eti, "Usijali bwana, baba siku hizi ni wa kisasa, ana simu ya kugusa." Nilikata simu kwa hasira. Simu ya kugusa na ukwe wapi na wapi?

Ijumaa nzima nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Mara niende kwa Madam nimweleze, nafika mlangoni pa ofisi narudi. Mara nijifanye naumwa. Nikifikiria kuugua nawaza mwanangu, nikifikiria kwenda nawaza aibu.

Jumamosi nikaenda.

Mvua ile yetu ya rasharasha. Nilikaa siti ya nyuma kabisa ya basi la chuo, khanga nimejitanda hadi kwenye nyusi. Mkuu wa idara mbele, gumbuti mpya.

Tulipofika, mzee wa watu alikuwa amesimama uwanjani. Koti, kofia, viatu vimepigwa kiwi. Yaani alijiandaa! Akawa anawapokea wanafunzi mmoja mmoja kwa bashasha. Mimi nikashuka wa mwisho, nikiwa nimejikunyata nyuma ya jamaa mmoja mrefu.

Yule jamaa akainama kufunga kamba ya kiatu.

Wakuu, mzee aliniona. Aliitambua khanga yangu, maana inaanikwa uani kwake kila wiki. Akageuka palepale, akashika kofia isianguke, akapotea nyuma ya nyumba. Mbio!

Watu wakadhani kaenda kuchukua viti.

Tukasubiri. Mvua inaongezeka. Lusajo akaita, "Mzee! Mzee wetu!" Akazunguka nyumba, akarudi kachanganyikiwa. Mzee kajifungia kwenye banda la ng'ombe na hataki kutoka.

Mkuu wa idara akaangalia saa. Akamgeukia Madam, "Hiki ndicho nilichokuwa nasema. Mkulima mwenyewe amewakimbia." Madam akawa anamung'unya maneno. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma, nikaona somo letu lote linakufa pale kwenye tope. Na kati ya wote waliokuwepo ni mimi tu niliyejua kwa nini.



Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Hajawakimbia nyie. Kanikimbia mimi. Yule ni baba mkwe wangu."

Nikaeleza yote, sijui nilianzia wapi nikaishia wapi. Nikategemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Lusajo akajipiga kofi la uso, "Dada Atu jamani! Mimi Mnyakyusa, bibi yangu ananisema kila siku kuhusu mila, halafu hata sikuuliza."

Kutoka bandani ikasikika sauti ya mzee: "Mwambieni mkamwana asogee huko jikoni, mimi nitoke. Ng'ombe huyu ananikanyaga."

Hapo ndipo walipocheka. Hata mimi.

Nikaenda nyuma ya jiko, mzee akatoka, wenzangu wakafanya zoezi lao. Ilipofika zamu yangu mkuu wa idara akasema, "Huyu atafanyaje? Vigezo vinasema amtazame usoni."

Sikutegemea aliyejibu. Alikuwa Doreen. "Sir, vigezo tuliviandika sisi. Tunaweza kuvifuta sisi."

Basi mzee akawekewa kigoda kuelekea migombani, mgongo kwangu. Mimi nikabaki nyuma ya ukuta wa jiko. Lusajo katikati kama mkalimani, japo wote tunaongea lugha moja.

Sasa sikilizeni. Miaka yote ya ndoa yangu nimemwona yule mzee kupitia dirisha la jiko hilohilo. Anakata mgomba ulionyauka, halafu panga lilelile anahamia mgomba mzima. Ugonjwa anauhamisha kwa mkono wake mwenyewe. Chuoni nimefundishwa, najua, na siwezi kumwambia. Mume wangu nilimtuma mara kadhaa, anasema atasema, hasemi. Migomba inakwisha mmoja baada ya mwingine na mimi nasonga ugali naangalia. Mnajua hiyo inavyouma?

Siku ile nikasema. Nikaeleza mnyauko unavyoingia, panga linavyoubeba, namna ya kulipitisha motoni kila ukimaliza mgomba unaoumwa.  Nikaeleza na lile ua dume, likatwe kwa kijiti chenye panda badala ya panga.

Mzee akasema, "Muulizeni, panga likae motoni muda gani?"

Lusajo akafungua mdomo anifikishie, nikawa nimeshajibu. Mpaka liwe la moto lisiloshikika.

"Na jembe je?"

Hakusema tena "muulizeni." Aliniuliza mimi. Nikajibu. Akauliza jingine, nikajibu, na Lusajo akawa amesimama tu pale hana kazi. Wakuu, hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya kwanza, mimi na baba wa mume wangu. Machozi yalinitoka nikashukuru ukuta.

Ukafika wakati wa maksi. Lusajo akamsomea vigezo. Kumshika mkono?

"Sifuri."

Kumwita jina? Kumtazama usoni?

"Sifuri zote. Angefanya hata kimoja ningewafukuza hapa kwangu."

Kueleweka?

"Hapo mpe zote. Na mwambieni, angesema mapema migomba yangu ya nyuma ingepona."

Angesema mapema! Niliing'ata khanga nisicheke kwa sauti.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Vile vigezo vya Doreen tukavitupa, tukaweka kimoja: mwanafunzi aulize kwanza mkulima huyu anaongeleshwaje, na nani. Zoezi la shamba likarudiwa kwa wote, kila mtu na mkulima anayemfaa, nikafaulu. Mkuu wa idara alisaini akiguna, ila alisaini. Wanaotufuata watasoma somo tulilolipanga sisi.

Funzo langu ni hili. Tulilalamika miaka kwamba walimu hawatuulizi. Tulipopewa kalamu, na sisi hatukuulizana. Nilikaa kwenye kamati ya sauti ya wanafunzi nikiwa nimemeza sauti yangu kwa kuogopa kuchekwa. Mkipewa nafasi hiyo, anzeni kwa kumuuliza aliyenyamaza.

Jumamosi moja baadaye nilikuwa jikoni, nikaona moshi migombani. Mzee amewasha moto mdogo, panga limo, analigeuza na kuligeuza. Akasikia sufuria zangu, akakohoa kwa nguvu ili nijue yupo. Hakugeuka. Akalitoa panga, akaenda kwenye mgomba mwingine.

Mlioko vyuoni, nyie mmewahi kuulizwa mnataka kujifunzaje? Na mlijibu, au mliangalia mlango? Semeni hapo chini, nitasoma zote. Ila msiniulize jina la mzee. Kulitamka siwezi, na nimejaribu kuliandika hapa, vidole vimegoma.