Makao makuu yamevuka mpaka, mimi nimebaki na tope la Kulesa

Admin, jina langu lifiche, maana Garsen ni ndogo na mdomo wangu unajulikana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa mtoto mmoja, ajenti wa kampuni ya kigeni inayouza mbegu za mpunga. Nyumbani ni Kulesa.

Sisi hatulimi kwa kalenda. Mto Tana ukifurika tunangoja, maji yakishuka tunapanda kabla tope halijakauka, iwe mwezi wowote. Zamani nilikuwa nikipiga simu Nairobi, mbegu zinafika baada ya siku tatu. Basi nikawaambia akina mama wa kwetu, mama yangu mzazi akiwemo, "Hizi mbegu mnazoning'iniza jikoni za nini? Pikeni, mle." Wakapika. Wanawake wa kijiji cha Ozi walikataa, nikawacheka mbele ya watu.

Mwaka huu wakubwa wamehamishia makao makuu ya kanda nchi jirani. Kisa? Kodi huko ni nafuu na vibali vya wageni wao vinatoka haraka. Lakini bosi alitwambia bila haya, "Tunahama ili tuwe karibu na wateja." Wateja gani? Mteja wao yuko Kulesa, tope limemfika magotini!

Wiki hii maji yameshuka. Nikapiga simu huko kwao, dada mmoja akaniuliza, "Kwani msimu wenu si bado miezi miwili?" Eti nijaze fomu, nisubiri idhini. Watu wazima, vyeti ukutani, wanaupangia mto tarehe! Nimewadharau mpaka basi.

Jana mama alinipeleka shambani. Tope limeanza kupasuka pembeni. Nikaanza kuwatukana mabosi, akanikatiza. "Mwanangu, hao mimi siwajui. Mbegu yangu niliila kwa neno lako."

 Na mkobani nilikuwa na barua yao: nihamie huko, nyumba ipo, shule ya mtoto ipo, jibu wanalitaka kesho. Ozi mbegu bado zipo. Ila nikienda kuziomba, habari zitawafikia mabosi kwamba ajenti wao mwenyewe hazitegemei mbegu zao, na kazi itakuwa imekwisha.

Ndugu zangu, nishaurini. Niwafuate hawa ninaowadharau, au niende Ozi nikawapigie magoti wale niliowacheka? Jibuni upesi, tope halisubiri idhini.