Somo la Kwanza Lilivyofika Kilwa

Niliondoka Lubumbashi kwa majivuno, tusidanganyane. Vurugu zilipozuka intaneti ilikatwa, shule zikafungwa, na kituo chetu cha televisheni kikaanza kupeleka masomo ndani ya mawimbi yale yale yanayobeba picha. Huko mbali boksi dogo huyapokea na kuyatia kwenye simu, bila intaneti. Aliyeyaandika ni mimi. Mke wangu, kwetu mtaani Makomeno, akaniuliza, "Weye unajua namna gani kama banayapata?" Nikaudhika. Nikasema naenda Kilwa, hii yetu ya kando ya ziwa, si ile ya pwani, kujionea.

Asubuhi nilipanda lori la mfanyabiashara wa Butembo, juu ya magunia ya unga. Kila penye kamba iliyofunga barabara askari walitusimamisha. Nilipowaambia mimi ni mwandishi wa masomo ya televisheni, walitupisha. Kichwa kikazidi kuvimba.

Njiani lori lilizama kwenye matope, tukalala palepale.

Kilwa nilipokewa na Mwalimu Ilunga, mwenye boksi. Nilikula bukari, ndio ugali wetu, na samaki hadi nikaona haya. Uani darasa la sita lilikuwa linaningoja. Mtihani wa mwisho ulikuwa juma lililofuata.

"Batoto, muonyeshe papa," alisema Mwalimu; papa, yaani baba, ndiye mimi.

Wakasimama. Wakalisema somo la kwanza, namna chakula kinavyosagwa tumboni, neno kwa neno, mpaka sentensi yangu ya mwisho: "Somo la pili juma lijalo."

"Safi! Na la pili?"

Mwalimu akanitazama. "Papa, ya pili haiyafika. Kila juma munarudisha ya kwanza. Tuliwaza kama munangoja batoto bajue muzuri. Sasa banajua, kweli?"

Mungu wangu! Mashine yetu ilikuwa inarudia lile moja tu, na boksi hupokea, halijibu. Kumbe sikuwahi kuweka hata boksi moja mezani kwangu nikaangalia. Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaambia kosa ni letu.

Msichana mmoja, Kapinga, akauliza polepole, "Basi haikuwa siye ndio bajinga?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Nilibachapa fimbo kila juma somo ile iliporudi."

Kurudi, askari walinitambua. "Papa wa masomo! Batoto bako namna gani?"

Sasa boksi liko mezani kwangu, nalifungua kila asubuhi kabla ya chai. Mke wangu hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Baadaye dereva wa lori aliniletea habari za mtihani. Kwenye swali la chakula tumboni, hakuna hata mtoto mmoja wa Kilwa aliyekosea. Mengine waliyaacha wazi.