Mafuta ya Nazi Kwenye Ini la Mbuzi

Mie ndiye niliyetaka kummalizia Mzee Saidi wa Pugu mbuzi wake wote.

Mmoja alikufa ghafla, mzee akatuletea ini lake maabara. Nikakata kipande chembamba, nikakiweka juu ya kioo, mashine ikakipiga leza nukta kwa nukta na kuchora ramani ya kemikali. Pembeni nikaona mistari inayong'aa, kemikali ngeni kwenye ini. Sikumngoja bosi, nikampigia mzee. "Shikamoo. Ni sumu hiyo."

Asubuhi akaja, macho mekundu. "Nawachinja wote leo, nawafukia."

Bosi wangu, Dokta Neema, akaikuza picha. "Mistari imetoka nje ya ini hadi kwenye kioo kitupu. Mbuzi gani ana ini la kioo? Jana kabla ya kazi ulifanya nini?"

"Nilimsuka mwanangu. Kwa mafuta ya nazi."

Hapo nikakumbuka nilivua glavu nipokee simu, kioo kikiwa mkononi.

"Weka dole gumba hapa," Dokta akasema.

Nikaliweka kwenye skrini. Mistari ile ilikuwa alama ya dole langu, hadi kovu la kisu.

Mzee akashusha pumzi ndefu, nami nikashusha yangu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mwanangu, nenda kanawe."