Paka wetu alisusa dagaa tukadhani anaringa, kumbe ni jino

Wakuu, amani kwenu popote mlipo. Mimi humu huwa msomaji tu. Naandika polepole na shule niliishia la saba, kwa hiyo mnivumilie. Ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu Ujiji, sijatia chumvi.

Naishi na shangazi yangu. Kazi yetu ni dagaa. Tunanunua mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tunaanika kwenye vichanja, wakikauka tunaweka chumba cha nyuma. Mwenye dagaa lazima awe na paka, la sivyo panya ndio watakuwa wateja wake.

Wetu ni dume la kijivu. Tunamwita Mjumbe, maana hakuna nyumba ya mtaani ambayo hajaingia.

Watu wa Kigoma mnajua, dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na wabichi hawapatikani. Siku hizo Mjumbe hununa. Ukimpa wakavu anakutazama kama umemtukana.

Kwa hiyo safari hii aliposusa, hakuna aliyeshtuka.

"Anaringa huyo," shangazi akasema. "Subiri giza liingie, utamwona."

Mbalamwezi ikaisha, giza likaingia. Nikamletea wabichi, bado wanang'aa. Akaja mbio, akadaka mmoja, akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia, akamtema. Akawa anajipiga shavu kwa mguu wa mbele. Mate yanamchuruzika, na mdomo unanuka hata ukikaa mbali.

Jirani yetu, Mama Zaituni, akaona yale mate.

"Huyo ana kichaa! Mtoeni, hapa kuna watoto!"

Shangazi akaogopa. Akasema atampa kijana wa bodaboda anayepanda Kalinzi, akamwache huko juu mashambani. Na panya walishaanza kutoboa magunia.

Mimi si mtu wa kujibu wakubwa. Lakini nilikuwa nawaza, anayeringa hakimbilii sahani. Huyu ana njaa, kinachomshinda ni kutafuna. Huko Kalinzi atakufa.

Nikasema, "Shangazi, naomba nimpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Nadhani ni jino."

Mama Zaituni alicheka mpaka akashika ukuta. "Jino! Mie gego langu nalitulizia karafuu mwaka mzima, paka ndiyo aende kwa daktari!"

"Mwache aende," shangazi akasema. "Ila akiambiwa ni kichaa, asirudi naye hapa."

Nikamweka kwenye tenga, nikafunika na khanga, nikapanda boda.

Pale kwa daktari walikuwepo watu wa mbuzi na wa kuku. Nilipotaja meno ya paka walinigeukia wote. Nilitamani nijifunike mimi ile khanga.

Daktari hakucheka. Kwanza aliuliza kama paka amechanjwa kichaa cha mbwa na kama ameng'ata mtu. Nikasema amechanjwa, hajang'ata. Akavaa glavu nzito, akamfungua mdomo taratibu, akaniita nione.

Wakuu, magego yalikuwa yamevaa ugaga wa kahawia kama kutu. Fizi nyekundu, zimevimba. Jino moja la nyuma limeoza na lina usaha.

"Kichaa hakuna hapa," akasema. "Ila amekonda sana. Nikimchoma sindano ya usingizi anaweza asiamke. Nikiliacha hili jino, hatakula. Unasemaje?"

Nikampigia shangazi, hapokei. Daktari ananisubiri. Watu wa mbuzi nao wananisubiri.

Nikasema ling'olewe.

"Sijasikia."

"Ling'oe, daktari."

Nilikaa nje nimeshika lile tenga tupu. Sikumbuki kama nilimwitikia mtu salamu.

Aliamka. Kichwa kinayumba kama mlevi, lakini aliamka.

Tulipewa dawa, na tukaambiwa tumpe chakula laini. Nilikuwa nachemsha dagaa, natoa vichwa, naponda. Mama Zaituni akawa ananiita mama mkwe wa paka. Sawa tu.

Kidonda kilipopona nikamwekea dagaa mmoja mzima. Akamhamishia upande wa pili wa mdomo, akatafuna. Shangazi akaacha kuchambua dagaa zake, tukawa tunasikiliza. Kisha akachota wengine kwenye ungo, akamwongezea.

Nilichojifunza: mnyama hawezi kukwambia jino linauma. Akinuka mdomo, akidondosha mate, akikimbilia chakula halafu akakiacha, mpeleke kwa daktari. Usimtie mkono mdomoni mwenyewe, maana mate yanaweza kuwa na kichaa kweli. Na msimpe vidonge vya maumivu vya watu wala karafuu. Daktari alisema vinaweza kumuua.

Aliniambia pia niwe namsugua meno kwa kitambaa laini chenye maji, bila dawa ya meno ya watu. Hapo ndipo nimekwama. Nikishika kitambaa tu, Mjumbe yuko juu ya bati.

Wenye paka humu, nyie mnamshikaje mpaka anatulia? Nielekezeni, nasoma kila jibu.