Hodi kwa Mita

Nereah alikuwa amevuka mpaka wa Busia muda mfupi tu uliopita, akitafuta chumba cha kupanga, furushi la mitumba lingali kichwani, alipomkuta fundi wa stima kwenye ua wa nyumba za kupanga akiipigia mita hodi. Alikigonga kisanduku kwa kidole, akasema "Hodi" kwa sauti ya chini, ndipo akakifungua. Viganja vyake vilikuwa vipana, lakini aliugusa kila waya kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kampuni ilimtuma amkatie stima Apio, msusi wa chumba cha mwisho, eti anaiba.

"Fundi, mimi naiba nini? Yunit nanunua asubuhi, jioni imekwisha!" Apio alilalamika mlangoni pake.

"Kata tu," alisema Olupot, mwenye nyumba. "Wapangaji hawa nawajua."

"Mama, zima kila kitu," fundi alisema, bila kumwangalia Olupot. Apio akazima. Taa nyekundu ya mita yake ikaendelea kukonyeza; kuna mtu bado alikuwa anakula stima. Fundi akaishusha swichi kubwa. Nyuma ya ukuta, kwenye runinga ya baa, mtangazaji wa mpira akakatika katikati ya neno, na walevi wakalipuka: "Olupot! Rudisha mpira!"

Apio akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi hakucheka. Alikata waya uliotoka kwenye mita ya Apio na kupenya ukutani kuelekea baa, akaipandisha swichi, akakifunga kisanduku kwa kiganja, taratibu. "Nitawaambia ofisini nilichokiona, mama. Hukatwi." Kisha akaukunja ule waya mkononi, akatoka, akaingia baa ya Olupot bila hodi.

Nereah akalitua furushi lake; chumba angekiulizia papa hapa.