Lodi Aliyezidiwa Umri na Mwanawe

Edna Maud Sedgwick, binti wa Hubert aliyemvuta fahali kutoka kisimani kwa kamba ya kengele ya kanisa, mjukuu wa Hannah aliyemfungia mchungaji nje ili mahubiri yaishe: huyo ndiye jirani yangu. Katika bonde letu hili la Yorkshire hajatokea wa kumshinda kwa kusoma riwaya za mapenzi ya kale.

Gari la maktaba lilikuja kila Alhamisi, likiendeshwa na Bwana Pybus. Sisi wazee tulikuwa na desturi yetu: ukimaliza kitabu unachora alama yako ukurasa wa thelathini, usije ukakiazima tena kwa kusahau. Mimi nyota, Phyllis wa posta jani, Edna kuku.

Edna hakuishia kwenye kuku. Kila alipomkuta lodi, mwinyi wa Kiingereza, wa miaka arobaini na minane anamposa binti wa ishirini, aliikata ile arobaini kwa penseli, akaandika ishirini.

Alhamisi moja Phyllis akapanda garini anahema.

"Bwana Pybus! Kitabu gani hiki? Lodi ana miaka ishirini na minane, mwanawe nahodha ana thelathini!"

"Basi mtoto ndiye atakayemwoza baba," nikasema.

Tukacheka. Pybus hakucheka. Akafungua ukurasa wa thelathini.

"Kuku huyu ni wa nani?"

Foleni nzima tukatazama viatu. Edna alijua akinyang'anywa kadi, majira ya baridi atabaki na paka tu. Akainua kidevu.

"Wangu. Na si kuku, ni bata."

"Bi Sedgwick, kwa nini unaharibu vitabu?"

"Nilisoma kimoja kama hicho nikiwa na miaka ishirini. Lodi ana mvi kidogo masikioni, anapanda farasi. Nikaolewa na Wilfred, mtu wa arobaini na tisa. Mvi alikuwa nazo. Farasi? Baba wewe, hata ngazi zilimshinda! Nimempondea karoti mpaka nami nikazeeka. Kitabu hakikutaja karoti."

Phyllis akamgeukia.

"Gillian, mjukuu wangu, anavisoma hivi," akasema. "Juzi kamleta daktari wa ng'ombe kunywa chai. Mtu mzima kabisa."

"Nywele?" Edna akauliza.

"Mvi kidogo. Masikioni."

"Mungu wangu!"

Pybus akanyoosha mkono. "Kadi, Bi Sedgwick. Sheria ni sheria."

Edna akaitoa. Pybus alipogeuka kuifungia kwenye droo, Edna akachomoa penseli kwenye shungi la nywele zake, akamtia Phyllis kiganjani.

"Anza na rafu ya chini, ndiko anakoazima Gillian," akamnong'oneza. "Lakini shoga, kabla hujampunguzia baba miaka, wapunguzie watoto kwanza."