Pampu Isiyonguruma

Mwaka 2013 nilikaa miezi kadhaa Kasulu nikiukasirikia mguu wangu wa kulia. Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Kibondo, mtu wa Singida niliyepangiwa huko na serikali, na siku moja ya mvua bodaboda niliyopanda iliteleza tukaishia mtaroni. Dereva alichubuka kiwiko. Mimi nilivunjika paja. Mfupa ulipounga, mguu ulikuwa umekonda kama mpini wa jembe, na kila nilipoukanyagia nilihisi nimeazimwa wa mtu mwingine.

Daktari aliniambia kwa upole kwamba ninaweza kuombewa kazi ya ofisini, nifanye nikiwa nimekaa. Mimi, kukaa! Nimefundisha miaka yote nikizunguka kati ya madawati, na wanafunzi wangu wanajua kwamba aliye nyuma kabisa ndiye ninayemfikia kwanza. Nilimkatalia palepale. Basi akanielekeza kwa masista waliokuwa na hospitali ndogo na nyumba ya mazoezi pembeni mwa mji, na ndani yake bwawa dogo ambalo maji yake yanamfika mtu kifuani. "Ukiingia kila siku, shule zikifunguliwa Januari utasimama darasani," alisema. "Usipoingia, hayo magongo uyazoee."

Nilikwenda, masista wakanipa chumba hapo hapo. Bwawa lilikuwa la kijani kama mlenda.

Sista mkuu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alinieleza tatizo. Pampu ya kuzungusha maji kwenye chujio ililetwa na wageni, tena pampu nzuri, yenye vitufe vya kuongeza na kupunguza kasi. Ilitumia umeme wa jua, na betri zilikuwa stoo. Wao waliiwasha asubuhi kwa kasi ya mwisho, na kabla ya adhuhuri betri zilikuwa zimeisha. Maji yakalala mpaka kesho yake, klorini isifike kila pembe, na ukijani ukazidi.

"Mwisho wa mwezi nahamishia umeme huu wodi ya wazazi," alisema. "Watoto wanazaliwa kwa tochi, mwalimu. Siwezi kuwanyima taa kwa ajili ya bwawa la vyura."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilimwomba aniachie pampu hadi huo mwisho wa mwezi. Bwawa likisafika na wagonjwa wakalitumia, libaki. La sivyo, achukue.

Jambo lenyewe nilikuwa nimeliandika ubaoni mara nyingi. Punguza kasi ya pampu iwe nusu, maji yanayopita yatapungua nusu, lakini umeme inaoula utashuka hadi karibu moja ya nane. Kwa hiyo pampu inayokwenda taratibu kutwa nzima husukuma maji mengi kuliko ile inayokurupuka asubuhi ikafa mchana. Nilipomwambia Sista kwamba polepole ndio mwendo, alijibu kuwa methali haijawahi kuendesha mashine.

Niliketi kwenye kigoda kando ya pampu, magongo magotini, nikaanza kubonyeza. Niliangusha jani la mparachichi majini nikawa nashusha kasi kidogo kidogo. Jani likaendelea kuelea kuelekea kwenye mdomo wa chujio. Nikashusha tena, likasimama. Nikapandisha kidogo, likatembea. Hapo nikaacha. Nikaiweka saa ya pampu iwashe jua likishapanda na kuzima jioni.

Mzee aliyetunza bustani na bwawa, Muha wa hapo hapo Kasulu, alikuja akaiwekea pampu kiganja kama anayepima homa.

"Mwalimu, huyu anaumwa. Halii, wala hapati joto."

"Haumwi, baba. Anafanya kazi kwa akili."

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mngurumo. Nilijikongoja hadi bwawani nikamkuta mzee ametulia, kafurahi. "Nimemwamsha," alisema. Nilimfokea, nami si mtu wa kufoka kwa sauti ndogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, mama," na keshokutwa yake akamwamsha tena. Ikanibidi nikae na kigoda changu pale tangu asubuhi, nikilinda pampu kama kuku anayelalia mayai.

Maji yalianza kuwa meupe, kisha nikaona vigae vya chini. Nilifurahi kwa siku moja tu, maana hakuna mgonjwa aliyekuja. Sista alipita, akatazama maji, akatazama viti vitupu. "Ni safi," alisema. "Ya nani?"

Nilichukua magongo yangu nikaenda wodini kuuliza. Mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyeleta mwanawe mwenye miguu iliyopinda, alinishangaa mimi ninayeshangaa. "Kama mashini hailie, njo kusema leo hakuna kazi," alisema. Wenzake wakaitikia. Wote walikuwa watu wa kusikiliza mashine ya kusaga. Ikinguruma, unajitwika mahindi unakwenda. Ikinyamaza, unabaki nyumbani, kwani utafuata nini? Mzee hakuwa mbishi. Alikuwa anawaita watu.

Nilirudi kwenye vitufe. Majani na vumbi vilivyoanguka usiku vilihitaji msukumo mkali kidogo hata hivyo, kwa hiyo nikaipangia pampu kasi ya mwisho kila asubuhi, kwa muda wa kunywa kikombe cha uji, halafu mwendo wa jani kutwa nzima. Kitufe cha asubuhi nikamkabidhi mzee. Siku ya kwanza alikibonyeza kama anayepiga kengele ya kanisa, na kabla ngurumo haijatulia yule mama Mkongo alikuwa mlangoni na mwanawe mgongoni.

Mwisho wa mwezi Sista hakuhamisha kitu. Taa za wazazi alizipata kwingine. Alizipataje sijui, ila wanaume wa ofisi moja ya mjini walianza kumkwepa barabarani.

Nami niliingia majini kila siku. Maji ya Kasulu ni baridi ya kukutoa roho, lakini nilikuwa naiona miguu yangu, nikiuamuru ule wa kulia: kanyaga. Desemba, kabla ya kurudi Kibondo, nilisimama mwisho wa bwawa bila kushika ukuta, nikielekea kule ambako maji ya pampu yanatokea.

"Baba, ongeza hadi mwisho."

Mzee alinitazama. "Si ulisema polepole?"

"Ongeza!"

Pampu ikanguruma. Maji yakanipiga kifuani yakanirudisha nyuma, nikakanyaga mbele. Nikakaribia kuanguka nikayumba, nikakanyaga tena. Paja liliwaka moto. Kwa mara ya kwanza tangu mtaroni niliumia kwenye mguu wangu mwenyewe, na nikalia waziwazi nikiwa natembea, hadi kiganja changu kikagusa ukuta.

"Nizime?" aliuliza mzee.

"Acha," nikasema. "Naanza upya."